Dania Mfukoni mwa Joash

Saa nane mchana, kila siku isipokuwa Jumamosi, Nyanchoka alichukua kisu kidogo na beseni ya bluu, akatoka kwenda kukata dania juu ya kaburi la mumewe. Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba, mahali wanapozikwa wanaume katika maboma ya Wakisii, hatua sita tu kutoka dirisha la jikoni. Alikata mashina yaliyofika urefu wa kiganja, akayaacha machanga yajikaze. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba na kuchuma konzi moja ya nanaa, ambayo ilijiotea yenyewe penye maji ya kuoshea vyombo na haikuhusiana kwa lolote na marehemu.

Dania aliiosha kwa maji matatu. Maji ya kwanza hutoa udongo, ya pili hutoa wadudu, na ya tatu, kama alivyokuwa akisema Mama Hansa, hutoa uvivu. Mama Hansa alikuwa mke wa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, na Nyanchoka alipika jikoni kwake miaka tisa, mpaka familia ile ikafunga duka na kuhama. Huko ndiko alikojifunza kwamba mashina ya dania hayatupwi. Ladha iko kwenye shina, Mama Hansa alisema. Majani ni nguo tu.

Alikaanga jira bila mafuta mpaka ikaanza kunukia, akakaanga na karanga kidogo. Akaketi mbele ya jiwe la kusagia aliloachiwa na mama mkwe wake, jiwe lililosaga unga wa wimbi wa watu watatu waliokwisha kuzikwa, akaanza kusaga: saumu, tangawizi, pilipili mbichi nne, jira, karanga, halafu dania na nanaa, konzi kwa konzi. Limau alikamulia mwisho, ili rangi isife. Chembe za sukari, chumvi, basi. Chatne ikawa kijani kibichi, nzito, inayoshika kwenye kijiko.

Alipaka kidogo nyuma ya mkono, akalamba, akafungua kinywa. Kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya kiume yenye mkwaruzo kidogo.

"Chumvi bado."

Ilikuwa sauti ya Joash, mumewe. Nyanchoka akaongeza chumvi.

Wakati huo Joash alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili kaburini. Siku yake ya mwisho alishuka soko la Daraja Mbili na mikungu minne ya ndizi, na kwa kuwa mkewe alikuwa ameanza biashara ya bhajia na kila jioni akilalamika kwamba dania ya sokoni inafika nyumbani imenyauka, alimnunulia mbegu apande mwenyewe. Muuzaji alizifunga kwa kipande cha gazeti. Joash alizitia mfuko wa ndani wa koti lake la kahawia, akarudi. Aliposhuka kwenye gari barabarani alianza kupanda mlima wa Manga kwa miguu, akaketi juu ya jiwe apumzike, asiinuke tena. Daktari alisema ni moyo.

Aliyemvalisha ni Onyancha, kaka yake mkubwa, na wa pekee. Alipokuwa akifunga vifungo vya koti alihisi kitu kinakwaruza kifuani, akajua kuna karatasi mfukoni. Chumbani walikuwemo wanaume wengine wanne, na Onyancha alikuwa mzee wa kanisa. Mtu akionekana ametia mkono mfukoni mwa maiti ya ndugu yake, atasemwa mpaka wajukuu. Aliiacha karatasi palepale, akafunga kifungo cha mwisho, akatoka na heshima yake nzima.

Mbegu za dania hukawia kuota, majuma mawili, wakati mwingine matatu. Hizi zilipita koti, zikapita mbao za jeneza na futi tano za udongo mwekundu, na zikachelewa siku nne tu.

Nyanchoka aliuza bhajia za viazi na kachori kwenye meza mbele ya nyumba, karibu na njia, ambapo watu walipita saa kumi wakitoka kupeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Mtu wa kwanza kuchovya bhajia kwenye chatne ile alikuwa Nereah Ombok, fundi cherehani aliyetoka upande wa ziwani na kukaa Manga miaka minne. Ekegusii cha Nereah, lugha ya Wakisii, kilikuwa cha salamu na vipimo vya nguo. Alichovya, akatafuna, halafu akasema kwa sauti ya Joash, kwa Ekegusii kilichonyooka, kwamba ile suruali aliyompunguzia kabla ya Krismasi ilikaa vizuri sana kiunoni, na kwamba hakupata nafasi ya kumshukuru.

Alimeza. Akauliza kwa Kiswahili amesema nini. Nyanchoka akamfasiria.

"Haya, karibu, Baba Nyakerario," Nereah alimwambia Joash, akiangalia upande wa kaburi. "Nilijua itamkaa. Nipatie bhajia ingine."

Waliokuwepo walisema tu kwamba matamshi ya Nereah yametengenea.

Baada ya hapo ikawa kawaida. Sauti ilidumu muda wa tonge moja, ukimeza, imekwisha. Joash alimwambia kila mtu jambo moja ambalo angemwambia kama wangekutana njiani. Mwendesha boda boda mmoja aliambiwa breki yake ya nyuma imelegea, na ilikuwa imelegea kweli. Mama mmoja wa kwaya aliulizwa habari ya goti. Joash alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno mengi, na kufa hakukumbadilisha. Watu walianza kuwahi, kwa maana chatne iliisha kabla ya bhajia.

Kwa mkewe alisema lilelile la siku zote. Katika ndoa ya miaka ishirini na saba hakuwahi kusifu chakula. Alisema chumvi bado, au alikula akanyamaza, na kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa. Siku moja Nyanchoka alimwuliza kwa nini anapiga gumzo na nusu ya Manga na kwake ana neno moja tu. Akaonja tena apate jibu. Chumvi ilikuwa imetosha, kwa hiyo Joash hakusema kitu. Nyanchoka alicheka peke yake jikoni, halafu akalia kidogo, halafu akaenda kuchuja mafuta.

Kutoka ukuta wa jikoni, kupita kaburi, mpaka kwenye mparachichi mkubwa, zilikuwa hatua kumi na nne. Hapo palikuwa na migomba yake, mboga za sukuma, mistari mitatu ya vitunguu na ile dania. Mparachichi ndio uliokuwa mpaka. Baba mkwe wake, mzee Nyangau, aliwagawia wanawe wawili shamba kwa kulitembea na wazee wa ukoo, akapiga mti ule kwa fimbo mara mbili, na mbuzi akachinjwa, akaliwa, mifupa ikatupiwa mbwa. Kwenye karatasi za serikali shamba lote lilibaki kwa jina la mzee, kwa sababu watu walidhani mti ni mkubwa vya kutosha.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Onyancha alisema kichwa kinamuuma, hakwenda kanisani. Wengine wote walikwenda, Nyanchoka pia. Waliporudi mparachichi haukuwepo, na mahali pake palikuwa na udongo uliosawazishwa na miche sita ya majani chai. Jumapili, siku ambayo Msabato anaruhusiwa kufanya kazi, Onyancha alisimamisha nguzo za mkalitusi na waya wa seng'enge. Ua ulipita hatua moja kutoka ukuta wa jikoni. Migomba, sukuma, vitunguu na Joash vikawa ndani yake.

Onyancha hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe. Ndiye aliyemlipia Nyakerario, binti wa pekee wa ndugu yake, vitabu vya kidato cha kwanza. Alipokuwa mdogo alimbeba Joash mgongoni kuvuka kijito kwenda shule, kwa sababu Joash alikuwa na kikohozi na maji yalikuwa baridi. Alikuja mwenyewe kumweleza shemeji yake habari ya ua, akakaa kwenye kiti, akanywa chai yote.

"Huna kijana," alisema. "Nyakerario ameolewa Ogembo. Sasa hiyo sehemu unamwekea nani? Mimi nalinda jina la mzee tu."

"Mimi bado nakula, Baba Fred," Nyanchoka alisema.

Onyancha alikubali kwamba hilo ni kweli. Akaahidi kuweka geti kati ya nyumba yake na kaburi, ili asizuiwe kukata dania, na akaliweka, pamoja na kufuli, kwa ajili ya wezi.

Kwa hiyo sasa saa nane ilianza kwa kuita. Nyanchoka alisimama na beseni yake ya bluu, akaita, na Onyancha akaja na ufunguo. Alifungua, akampa mgongo kwa adabu alipokuwa akikata, akafunga. Sukuma na ndizi hakuzigusa tena. Zilikuwa zikivunwa na mke wa Onyancha, ambaye alimpelekea fungu moja kila Ijumaa na kulipokelea shukrani. Nyanchoka alilipokea. Migomba ile aliipanda yeye akiwa na mimba ya Nyakerario, na sasa alikuwa akiambiwa karibu kwa ndizi zake.

Wiki ya ua, Joash aliacha habari za breki na magoti. Kila aliyechovya bhajia alisema jambo moja.

"Mpaka ni mparachichi."

Wachuma chai walisema. Nereah alisema, kwa Ekegusii, mara tatu kwa sababu alikula tatu. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita tu kwenda Nyamira alisema, akauliza mparachichi upi, akaonyeshwa miche sita ya chai, akatikisa kichwa na kuendelea na safari. Wote walielewa. Wengine walikuwa wamekula parachichi za mti ule tangu utoto. Walimwambia Nyanchoka pole, wakamwambia chatne leo iko sawa.

Nyakerario alipiga simu kutoka Ogembo akamwomba mama yake aache mambo ya ua, aende akakae naye, dania zimejaa hata huko. Nyanchoka alijibu kwamba dania za huko hazimjui. Akapeleka malalamiko kwa naibu chifu.

Kikao kilifanyika uani kwake, Jumatano, saa tisa, ili wazee waone mahali penyewe. Alikuja Okemwa, naibu chifu, na karani wake Nyabuto aliyeshika faili. Walikuja wazee watano wa ukoo, mmoja wao mzee Onyiego, ambaye ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wale waliotembea mpaka pamoja na mzee Nyangau na kula yule mbuzi. Alikuja mchungaji wa kanisa, kwa kuwa kesi ilimhusu mzee wake wa kanisa. Onyancha aliketi pembeni, amevaa tai.

Kwa kawaida wazee hupewa chai baada ya kesi. Nyanchoka aliitoa kabla. Tangu asubuhi alikuwa amesaga chatne mara mbili ya kipimo, na sahani ya bhajia ilipopita alihakikisha kila mmoja ana kibakuli chake. Onyancha peke yake alikataa. Alisema tumbo lake halipendi pilipili.

Okemwa alichovya kwanza, kwa cheo chake, akasema, "Mpaka ni mparachichi." Mzee aliyemfuata akasema hivyohivyo, na wa tatu, na wa nne, na wa tano, wote kwa sauti moja, ile ya Joash, tulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mchungaji naye alikuwa hajala tangu asubuhi. Karani Nyabuto alikuwa akiandika kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine, kwa hiyo yeye alilisema neno na kuliandika kwa wakati uleule.

Mzee Onyiego alikula mwisho, polepole, kwa meno aliyokuwa nayo. Kinywani mwake Joash alisema zaidi.

"Mpaka ni mparachichi. Baba aliupiga fimbo mara mbili. Onyiego, ulikuwepo, ulipewa mguu wa mbele wa mbuzi."

 Nyanchoka alisimama mlangoni ameshika birika, akaacha kumimina chai, kwa sababu alimwona mzee Onyiego akikumbuka. Ilionekana wazi usoni: mti, fimbo, mguu wa mbele. Yule mzee akameza. Akapangusa midomo, akamtazama Onyancha, ambaye ndiye mwenye gari ambalo humpeleka kliniki kila mwezi, akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba yeye ni mtu wa umri, na siku hizo hazikumbuki.

Wazee wengine walisema kama Onyiego hakumbuki, wao waliokuwa watoto watakumbuka vipi. Okemwa akauliza kuhusu ushahidi wa marehemu, kwamba umesikiwa na watu wote, ataufanyia nini. Mchungaji alilieleza jambo hilo bila hasira. Alisema kanisa linafundisha kwamba wafu wamelala na hawajui lolote mpaka siku ya parapanda. Joash alikuwa Msabato mzuri. Kwa hiyo, chochote anachosema, hakijui. Na mtu asiyejua hawezi kuwa shahidi. Okemwa, ambaye ni Mkatoliki, alisema hawezi kuingilia mafundisho ya watu wengine.

Uamuzi ulisomwa saa kumi na moja. Shamba lingebaki jinsi lilivyo mpaka karatasi za mzee Nyangau zigawanywe, na ili zigawanywe wanawe wote wawili walitakiwa kufika na kutia sahihi. Joash angepelekewa barua. Wakati huohuo Onyancha aliombwa, kwa hisani yake, aendelee kumruhusu mjane dania. Onyancha alisimama akasema hana neno na dania.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na siku hiyo halikuharibika. Liliandikwa mara nane, kwa mwandiko mzuri wa Nyabuto, likapigwa mhuri, likawekwa kwenye faili.

Barua ya Joash ililetwa juma lililofuata. Nyanchoka aliiweka juu ya kaburi na jiwe juu yake, na mvua ikaisoma.

Baada ya hapo Onyancha aliona kwamba haifai mjane kuonekana akiingia na kutoka kwenye shamba lenye kesi. Watu wangesema. Alimwambia asijisumbue tena, atamkatia dania yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo Nyanchoka hakukanyaga upande ule. Alimtazama mumewe kupitia dirisha la jikoni. Saa nane Onyancha alifika kaburini na kisu, akainama, akakata kwa uangalifu, ya urefu wa kiganja, machanga akayaacha. Alikuwa mkulima mzuri. Alifungua geti, akampa shemeji yake fungu la dania mkononi, akafunga.

Miezi miwili ikapita hivyo. Halafu Jumanne moja ya mwezi wa kumi alimpa fungu, na hakufunga. Alisimama penye geti lililo wazi, ameshika kofia.

"Mama Nyakerario," alisema, "huku kote hakuna mtu ambaye hajamsikia ndugu yangu. Hata yule fundi wa ziwani."

"Ulikataa bhajia," Nyanchoka alisema.

"Nilikataa."

Alisema atangoja. Nyanchoka alimletea kiti, kwa kuwa ni mkubwa wa mumewe, na adabu haingoji kesi iishe. Akaosha dania kwa maji matatu. Akakaanga jira na karanga, akasaga, akakamua limau. Alikata viazi vyembamba, akavichovya kwenye unga wa dengu, akakaanga. Yote hayo Onyancha aliyatazama kutoka getini. Kwa haraka ile, na kwa kutazamwa, Nyanchoka alisahau kuonja.

Alimpa sahani. Onyancha alichovya kidogo, kama mtu anayekunywa dawa, akatia mdomoni. Wote wawili wakangoja.

"Onyancha, umechoka?" Joash alisema kinywani mwa kaka yake. Ilikuwa sauti ya Joash, lakini ya zamani, nyembamba, ya mtoto mwenye kikohozi. "Nishushe, nitatembea."

Onyancha alikaa na chakula mdomoni muda mrefu, asitake kumeza. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye ndevu zake za mvi. Nyanchoka alitazama pembeni, kwa sababu hakutaka kumwonea huruma, na alimwonea. Hatimaye tonge liliteremka lenyewe. Akachovya bhajia ya pili, haraka, kipande kikubwa.

"Mpaka ni mparachichi," Joash alisema, sasa kwa sauti ya utu uzima. "Na wewe unajua."

Onyancha akameza.

"Najua," alisema.

Hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe. Nyanchoka aliweka kijiko chini. Neno hilo alikuwa amelingoja tangu mwezi wa sita, litoke katika kinywa cha mtu aliye hai, na sasa lilikuwa limetoka, na karani hakuwepo, wala mzee, wala mchungaji. Alikuwepo yeye tu na kuku wawili. Geti lilikuwa wazi. Nyuma yake aliona kaburi, hatua tano, na kijani chake.  Aliona kwamba akisema ataharibu, akangoja, mikono yake ikinuka saumu.

Onyancha alimaliza sahani. Alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa uso, akapangusa vidole. Akatoa ufunguo, akautazama kwa muda kama kitu alichookota njiani, akaupangusa nao mafuta. Kisha akasimama, akamshukuru kwa chakula, akavuta geti, akafunga kufuli, akalitikisa kidogo kuona kama limeshika.

"Kesho nitaleta nyingi zaidi," alisema kutoka upande wa pili.

Akaleta. Sasa huja kila siku isipokuwa Jumamosi, saa nane kasorobo, na fungu la dania lililokatwa vizuri, na hukaa kwenye kiti kilekile. Tonge la kwanza anaulizwa kama amechoka. La pili anaambiwa mpaka, naye hujibu, najua. Hajakosa hata siku moja kujibu. Wachuma chai wakipita humsikia, na Nereah akija mapema humsikia, na wote humsalimu. Miche sita ya majani chai imekua, imeanza kuchumwa.

Siku ile ya kwanza, Onyancha alipoondoka, Nyanchoka alibaki amesimama penye geti mpaka mafuta yakaanza kupoa. Halafu alikumbuka kwamba watu wa kituo wako njiani na chatne haijaonjwa. Akaenda jikoni, akapaka kidogo nyuma ya mkono, karibu na dirisha, mahali ambapo kaburi linaonekana, akalamba.

"Chumvi bado," Joash alisema.

Nyanchoka akaongeza chumvi.